Udi kwenye Ovaroli ya Baba

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta kwenye simu zawadi ya Idi ya kumpa babu yake, na ghafla nikasikia harufu ya udi ambayo haikuwemo chumbani.

Tulikuwa tukikaa Bofu, na Idi moja, nilipokuwa mdogo, baba alipangiwa zamu bandarini, ng'ambo ya feri. Sisi sote alitupa mkono wa Idi. Yeye hakupewa na mtu. Mama alikuwa amezifukiza nguo zetu mpya, nami niliamini kwamba moshi ule ndio Idi yenyewe. Basi nikaichukua ovaroli ya baba, nzito kwa grisi, nikaifunika juu ya chetezo mpaka macho yakaniwasha.

"Baba, nimekufukizia, uende na Idi yako kazini."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliivaa polepole, akashuka kuelekea feri.

Aliporudi alasiri nilimkumbatia kiunoni, nikanusa. Jasho na mafuta tu.

"Imekwisha," nikasema, machozi yakinilengalenga.

"Si nimewagawia wenzangu, mwanangu? Hakuna aliyekosa Idi leo."

Siku hizi mimi pia huvuka kwa feri ile kila asubuhi, na upepo wa pale naujua. Udi ule haukufika ng'ambo.