Sauti ya Crispulo

Presing Alonsagay alijua ameanza kuisahau sauti ya mumewe siku moja akipepeta mchele. Alitaka kumsikia akilini akimwita, kama alivyozoea kujiliwaza, akapata mwito mtupu. Maneno yalikuwapo, sauti haikuwapo. Aliweka ungo chini akakaa kizingitini, kuku wakala mchele mpaka wakashiba, hana habari nao.

Crispulo alikuwa mhunzi hapo Sibalom. Maisha yake yote alifua mapanga na miundu, mwaka juzi mapafu yakamwondoa. Watoto hawakujaliwa. Picha aliyoiacha ni ya kitambulisho, ikakuzwa kwa ajili ya mazishi, kakodoa macho kama mtu anayengoja kukemewa. Lakini Presing alikumbuka kwamba kabla ya ugonjwa ule alikuja kijana wa Manila na kamera yake, akashinda karakanani asubuhi nzima akimrekodi Crispulo akipiga nyundo na kupiga soga. Alisema ataiweka video hiyo mtandaoni. Jina lake hakuna aliyelishika.

Mchana huo huo Presing alichukua simu, aliyoachiwa na mpwa wake wa Iloilo aliponunua mpya, akaenda dukani kwa Editha. Pale ukutani, kati ya sabuni za vipakiti na samaki wakavu, kuna kisanduku cha waifai. Unatumbukiza peso, unapata dakika zako, unakaa kwenye benchi na wenzako, kila mtu kainamia kioo chake.

“Manang Presing!” Editha alimwita kwa heshima ya dada mkubwa, ila macho yalikuwa ya utani. “Na wewe leo umo? Unatafuta mchumba?”

“Namtafuta niliyekuwa naye.”

Editha aliona haya, akatoka nyuma ya kaunta akaja kukaa karibu yake.

Kuandika kulimshinda Presing, kwani herufi zilimponyoka chini ya kidole. Editha akamwonyesha alama ya kipaza sauti. “Bonyeza hapa, useme unachotaka.” Presing akasema kwa Kinaray-a, lugha ya nyumbani: mhunzi wa Sibalom. Simu ikafikiri kidogo, ikamletea dawa ya mba.

Editha alicheka mpaka akashika ukuta. “Haijui maneno yetu hiyo, Manang. Iongeleshe Kitagalogi, tena polepole, kama unajibu mwalimu.”

Alirudia kwa Kitagalogi chake cha shuleni, na wahunzi wakaja. Wa Batangas, wa Java, wa Japani, mzungu mmoja mwenye ndevu hadi kifuani. Aliwatazama wote, kwa sababu hakujua ni yupi atakayegeuka awe wake. Kila mchana alikuja. Alijaribu kusema “panga,” akajaribu “chuma,” akajaribu “mvukuto.” Simu ikadhani bibi huyu anapenda visu, ikawa inamletea matangazo ya visu vya jikoni. Kando yake benchini watu walichekelea video zao, mabega yao yakimgusa, wala hakuna aliyeuliza mama unaangalia nini.

Siku ya mvua, benchi likiwa tupu, Editha alimuuliza, “Hivi huyo kijana wa Manila, alipokuja hapa alikula nini?”

“Alikula wali wa kufungwa majanini, kibandani kwa Luring, sokoni. Alisifu mno.”

“Basi tunahangaika bure! Hao wenye kamera hawaji kwa ajili ya chuma, wanakuja kwa ajili ya tumbo. Tafuta chakula.”

Wakatafuta chakula. Video ya tatu kutoka juu ilikuwa ya yule kijana, mashavu yamejaa wali, nyuma yake kibanda cha Luring. Presing alimshika Editha mkono. Wakasubiri amalize kula, apite sokoni, avuke daraja. Halafu moto ukaonekana, na mgongo ambao Presing angeutambua popote. Crispulo aligeuka. Alicheka, midomo ikasema kitu.

Juu ya yote hayo kijana alikuwa ameweka muziki wa gitaa.

“Ongeza sauti,” Presing alisema.

Editha aliongeza. Gitaa likawa kubwa zaidi.

Walirudisha nyuma, wakatazama tena. Presing aliweza kuisoma midomo. Crispulo alikuwa akiwaambia watu wasogee, cheche hizo. Alizijua hata sura za herufi kinywani mwake, na pengo la jino. Ila sauti haikuja. Editha alimwandikia kijana kumuuliza kama anayo video ya asili, isiyo na muziki. Lakini ukurasa ule ulikuwa umelala miaka. Mwenyewe hakuonekana tena.

Wakati anashuka kwenye maoni, wengi wakibishana kuhusu wali, Editha aliona mtu aliyeuliza zamani: mzee huyu anayefua panga ni nani? Swali lilikaa peke yake. Hakuna aliyelijibu.

“Andika,” Presing alisema. “Ni Crispulo Alonsagay wa Sibalom. Alikuwa mcheshi. Amefariki. Mimi ni mke wake.”

“Niandike na mcheshi?”

“Andika.”

Kesho yake hakukuwa na jibu, wala wiki iliyofuata. Presing aliendelea kuja, siku hizi bila kutafuta chochote. Alimtazama mumewe akicheka bila sauti, akaondoka. Kisha mchana mmoja, chini ya maneno yake, palikuwa na moyo mdogo mwekundu.

“Nani huyu kaweka?”

Editha alibonyeza hapa na pale. Hapakuwa na jina wala picha. “Haijulikani, Manang. Mtu tu.”

Presing aliutazama ule moyo mpaka dakika zake zikaisha na kioo kikaganda. Akaizima simu, akasimama kwa miguu iliyokufa ganzi.

“Nipe na chumvi, nikapike,” alimwambia Editha.