Hoteli ya Dirishani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuulisha mmea nyama. Nalikumbuka kila mvua inapoanza kugonga mabati na harufu ya vumbi lililolowa kupanda hadi dirishani. Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi mtaa wa Satellite, pembezoni mwa jiji, na mmea wenyewe haukuwa wangu.

Ulikuwa wa dadangu Mwende. Aliununua kwenye kitalu cha miche kule Uthiru, mdogo wa kutoshea kiganjani. Majani yake yalikuwa na vinywele vyekundu, na kila kinywele kilibeba tone linalong'aa kama umande. Kisubi akitua hapo hachomoki. Jani hujikunja juu yake polepole, kwa saa nyingi, likamla. Mwende aliuita Hoteli, kwa sababu wateja huingia lakini hawatoki.

Alipopata kazi ya uuguzi na kupelekwa Lodwar, mbali kaskazini, aliniachia masharti. Mmea ukae juani. Sahani iliyo chini ya kopo isikauke, na maji yawe ya mvua tu.

"Na usiiongezee chakula," alisema. "Imezoea udongo maskini. Inajitafutia yenyewe, umeskia?"

Niliskia. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kunakili upya ukurasa mzima wa hesabu kwa sababu mstari mmoja umepinda. Nilitafuta daftari, nikalipiga mistari kwa rula, nikaandika kila mdudu aliyenaswa. Mara siku tatu zikapita bila mdudu. Hivyo Jumapili moja nikaficha kipande cha nyama mkononi wakati wa chakula, nikakiweka juu ya jani. Baada ya siku chache jani lilikuwa jeusi na linanuka. Ili kurekebisha, nikatia samadi ya kuku wa jirani. Maji ya mvua yalipokwisha, nikatumia ya kisima, yale yale yaliyoacha ukoko mweupe ndani ya birika letu. Matone yakakauka, jani baada ya jani.

"Mutua, huu mmea unautunza ama unaupikia?" Mama aliniuliza.

Jioni Mwende akapiga simu, kama kawaida yake.

"Hoteli imefunguliwa?"

"Imefunguliwa. Leo imekula mbu wawili."

"Wawili tu? Biashara imelala."

Alicheka sana, nami nikashindwa kumwambia kuwa mmea unaugua. Wiki hiyo mmea ulikufa. Mimi niliendelea kutangaza menyu kwa miezi: nzi mmoja, visubi watatu, siku moja hata nondo. Niliandika kila uongo kwenye lile daftari kabla hajapiga, nisije nikajikanganya.

Aliporudi likizo, mlangoni tu macho yake yalienda dirishani, kwenye kopo lenye udongo mtupu. Nilianza kulia kabla hajaweka mizigo chini.

"Wacha kulia," alisema akivua viatu. "Mama aliniambia kitambo."

"Sasa mbona ulikuwa unauliza?"

Alikawia kidogo na kamba za viatu. "Ile ya nondo nilipenda sana," akasema.

Nilidhani amenihurumia tu, na kwa miaka mingi niliibeba aibu ile peke yangu. Kisha nikapata kazi katikati ya jiji na kukodi chumba kimoja huko, cha kukaa peke yangu. Jioni moja nikiwa nimeketi kitandani na sahani yangu ya chakula, nilijikuta nimempigia Mama kumuuliza kama kuku wa jirani bado wanaingia jikoni mwetu. Alinieleza kwa urefu. Sikujali kuku. Nilitaka tu aendelee kusema, nisikie vijiko vikigongana nyuma yake. Hapo ndipo nilipomwona Mwende akilini mwangu, akiwa na simu sikioni, kwenye joto la Lodwar, akiniuliza kuhusu mmea anaojua umekufa.

Bado yuko huko. Nami nina mmea mwingine dirishani, na beseni nje la kukingia mvua. Siulishi chochote. Wiki jana jani moja lilioza, nikampigia Mwende siku hiyo hiyo nikamwambia.