Ndevu za Serikali

Kabla ya kupanda gari, mwongozaji wa filamu aliniachia maneno mawili tu: "Usinyoe, buda." Niliyashika kwa mwaka mmoja na miezi mitano. Katika muda huo wenzangu wa mtaani walioa, wakahama, wakarudi, na mmoja akawa mchungaji. Mimi nilikuwa nikifuga ndevu.

Filamu yenyewe ilikuwa imepata pesa za umma, zile zinazotengwa kwa ajili ya sinema za humu nchini. Ilihusu mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi gerezani. Walikuja mtaani kwetu Makongeni wakitafuta mlango uliochakaa, na wetu ulikuwa haujapakwa rangi tangu baba afariki. Walipobisha, nikafungua. Nilikuwa na ndevu za wiki mbili, za uvivu. Mwongozaji akanitazama, akasema uso wangu umebeba mambo mazito. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijanywa chai. Lakini sifa ni sifa, nikakubali.

Tulipiga picha siku tatu. Nilitembea kati ya nyumba nikiwa na mfuko begani, nikasimama mlangoni, nikabisha, nikasukuma. Sehemu ya ndani ingepigwa baadaye kwenye nyumba ya mbao watakayoijenga studioni, awamu ya pili ya pesa ikitoka. Mwongozaji alinieleza kwamba kwenye filamu kuvuka kizingiti ni sekunde moja. Nikiwa na ndevu nje kisha nitokee ndani kidevu kikiwa kitupu, watu watacheka na kazi yote itaharibika. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba, nikabaki na dada yangu na wadogo zetu wawili wa kiume. Sikuwa nimezoea kuambiwa kwamba kazi kubwa hivyo inanitegemea. Wale watatu walinitegemea kila siku, lakini hawakuwahi kuniambia mbele ya kamera.

Kazi yangu ni kusaga mahindi kwenye kisiagi kimoja kule Mowlem. Ikifika saa sita mchana unga ulikuwa umejaa ndevuni, nikafanana na babu yangu. Mwenye kisiagi aliniambia wateja wameanza kuuchekecha unga mara mbili, na wanatafuta kitu ambacho si pumba. Nikajifunga kitambaa kidevuni. Nyumbani majirani waliniita Ndevu za Serikali. "Serikali imezichana leo?" mama muuza mboga alikuwa akiniuliza, nami nikimjibu kwa heshima kwamba kazi inaendelea.

Kila nilipompigia mwongozaji simu, habari ilikuwa mpya kidogo. Pesa ziko njiani. Kamati haijakaa. Kamati imekaa, lakini muda uliisha kabla hawajafika kwenye ukurasa wetu. Nilihesabu hayo yote kuwa maendeleo.

Mtu aliyekulia Makongeni angepaswa kujua mambo ya aina hii huishaje. Nikiwa mtoto, gari la serikali lilikuja uwanjani na pazia jeupe, tukakaa chini kwenye nyasi kutazama picha za kunawa mikono na za kilimo bora cha mahindi. Hakuna aliyekuwa na shamba, na tulishangilia mbolea kama bao. Halafu likawa linakuja mara moja moja, kisha halikuja tena, wala hakuna aliyetangaza. Jumba la sinema la mjini alikonipeleka baba sasa ndilo kanisa letu. Sakafu bado inateremka kuelekea mimbarini, mtoto akiangusha peremende inafika kwa mchungaji kabla ya sadaka. Kila Jumapili nilipiga magoti nikitazama ukuta uliokuwa na pazia la sinema, na bado niliamini filamu yangu imechelewa tu.

Kisha dada yangu akaposwa.

"Watakuja Jumamosi ijayo," aliniambia akipiga pasi. "Wazee wao watatu. Nani atakaa kiti cha baba?"

"Mimi. Kwani kuna mwingine?"

"Na hizo ndevu?"

"Hizi ni za kazi."

"Kazi gani, bro? Watu wa filamu walikusahau kitambo. Wewe ndiye umebaki." Akaiweka pasi chini. "Unyoe, ama nimpigie baba mdogo aje kutoka kijijini akae hapo badala yako."

Baba mdogo, siku tulipomzika mama, alitufariji sana, kisha akaondoka na redio yetu. Nilimlea dada yangu tangu ana miaka saba. Nilijifunza kusuka nywele kwa sababu yake, vibaya, na shuleni walimcheka. Sasa siku ya kumsemea, aje huyo mtu akae mbele na mimi nikae na viatu mlangoni?

Mtu mwenye akili angekwenda kwa kinyozi. Mimi nilikwenda kuomba ruhusa.

Ofisi inayosimamia pesa hizo ilikuwa ghorofa ya nne. Chumbani mlikuwa na meza tano na afisa mmoja.

"Umekuja kufuatilia malipo?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka na jibu.

"Hapana. Nimekuja kuomba ruhusa ya kunyoa."

Akaiweka kalamu yake chini. Nilimweleza yote, mlango, kizingiti, sekunde moja. Alisikiliza kwa adabu, akafungua kabati, akarudi na faili jembamba.

"Mzee wangu," akasema, "mimi sina mamlaka ya kukuruhusu kunyoa."

"Nani anayo?"

"Labda kamati. Lakini ile kamati ilivunjwa, na mpya haijateuliwa. Mwaka huu hakuna pesa ya filamu hata moja. Hii yenu ilifungwa zamani. Hukuandikiwa barua?"

"Hapana."

"Basi usijali sana. Hawa wenzangu wanne waliondoka hivyo hivyo, na meza zao bado zinawangoja." Akalifunga faili. "Mlikuwa mmefika wapi?"

"Mlangoni."

Akatikisa kichwa kana kwamba nimemtajia ugonjwa. "Kama afisa, sina la kusema. Kama mtu, nenda ukanyoe."

Kwenye ngazi nikampigia mwongozaji. Nyuma yake muziki ulikuwa unavuma na wanawake wakipiga vigelegele.

"Buda! Niaje?"

"Poa. Nilitaka kuuliza kuhusu ndevu."

"Ndevu gani? Manze, usiniambie bado unazo."

"Aa, wapi! Nilinyoa kitambo," nikadanganya.

"Afadhali. Ningejisikia vibaya sana. Mimi siku hizi ni kupiga picha za harusi tu. Harusi haingoji kamati."

Kinyozi aliita jirani zake wawili waje kushuhudia. Alipomaliza nikajitazama kwenye kioo. Kidevu kilikuwa cheupe kama kisichowahi kuona jua, na mwenye kidevu hicho alikuwa na umri wa kidato cha pili. Nilikuwa nimesahau kwamba sina uso wa kutisha.

Jumamosi wageni wakaja. Nilivaa koti la baba, nikasimama mlangoni kuwapokea. Mzee wao wa kwanza akanisalimia vizuri, akanipa kofia yake na mwavuli nimshikie.

"Asante, kijana. Tuitie mzee wa nyumba."

Jikoni nikawasikia wadogo zangu wakicheka. Nikabaki nimeshika kofia na mwavuli. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimezoea ndevu ziniongelee.

Kwa desturi bibi harusi hukaa chumbani mpaka aitwe. Dada yangu hakungoja. Alitoka, akazichukua kofia na mwavuli mkononi mwangu, akazitundika.

"Mzee wa nyumba ni huyu," akasema. "Ndiye aliyenilea. Mkiwa na maneno, mwambieni yeye." Akarudi chumbani na kufunga mlango.

Mzee akanigeukia, akanipa mikono yote miwili. "Tuwie radhi, baba."

Nikakaa kwenye kiti cha baba. Nikakohoa, nikaweka mikono magotini kama nilivyomwona yeye akifanya, nikasema kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko nilivyopanga:

"Karibuni sana, wazee. Poleni na safari. Mmetoka mbali?"

Wakatazamana. Walikuwa wametoka Umoja, mwendo wa matatu moja tu.