Jino la Mkwe Wangu

Nilirudi kutoka kwenye mafunzo ya Masasi nikiwa na imani na mikono yangu. Tulikuwa matabibu na wauguzi wa zahanati za vijijini, na tulifundishwa kumsaidia mtu aliyezidiwa na jino asilazimike kupanda bodaboda hadi Newala huku ameshika shavu. Mwalimu wetu alikuwa daktari wa meno, mama mmoja mfupi, mpole, asiyependa haraka.

Siku za kwanza tulichoma sindano kwenye mabibo, yale matunda laini ya mkorosho, maana korosho zilikuwa zimeanza kudondoka na mabibo yalijaa kila mahali. Mikono ilipozoea kusukuma dawa polepole, tukaletewa wagonjwa. Wa kwangu wa kwanza alikuwa mzee kutoka Lisekese. Nikamchoma ganzi, nikasubiri kidogo, nikachukua koleo. Mwalimu akanishika kifundo cha mkono.

"Unatazama nini?"

"Jino, mwalimu."

"Tazama na miguu yake."

Vidole vya mzee vilikuwa vimejikunja juu ya kandambili. Ganzi ilikuwa bado haijashika, na yeye alikuwa ananyamaza kwa heshima.

"Watu wetu hawapigi kelele mbele ya daktari," mwalimu aliniambia baadaye. "Usingoje waseme."

Niliona aibu siku nzima. Lakini kabla mafunzo hayajaisha nilikuwa nimeng'oa meno ya kutosha, na mwalimu aliacha kusimama nyuma yangu.

Zahanati yangu iko kijijini kwa mke wangu, upande wa Chiwata. Mimi ni mtu wa Lukuledi. Nilioa huku Chiwata, na heshima yangu kwa mama mkwe ni ile tuliyolelewa nayo. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kula mbele yake wala kumtazama usoni. Akiwa na neno na mimi, alimpa binti yake alilete. Tukikutana njiani, mmoja wetu alipinda kando kumpisha mwenzake.

Wiki chache baada ya mafunzo, mke wangu alikuja zahanati katikati ya asubuhi.

"Mama hali wala halali, siku ya tatu leo. Shavu limejaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Anasema atakwenda Newala korosho zikiisha."

Korosho zilikuwa bado wiki nyingi. Nilimwambia amlete mara moja. Nilipobaki peke yangu nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa, nikifikiri. Aliyejifunza kazi ile pale kijijini nilikuwa mimi tu. Kutia vidole kinywani mwa mama mkwe! Hata kulitamka kulinitia haya.

Walifika kabla ya adhuhuri. Mama alijifunika kanga hadi puani, akasimama mlangoni akitazama ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Kisha akamgeukia binti yake. "Mwambie mumeo nataka vidonge tu."

Kati yetu palikuwa na hatua mbili tu. Mke wangu alinigeukia na kurudia maneno yale yale.

"Mwambie mama vidonge vitatuliza maumivu, lakini jino lililooza litabaki pale pale. Na usaha ukishuka shingoni ni hatari."

Naye akayarudia. Muuguzi mwenzangu wa zahanati, aliyekuwa mezani, aliinama, akajifanya anapanga kadi za kliniki.

Mama akaja mwenyewe hadi kwenye kiti. Aliitoa kanga mdomoni, akaipandisha machoni, akaifunga kisogoni.

"Mwambie mimi simwoni," alisema. "Yeye afanye kazi yake."

Hapo haya ilinitoka. Nilimpima presha na homa. Nikamuuliza kama anameza vizuri na kama aliwahi kutokwa damu isiyokata. Nikabonyeza chini ya taya: palikuwa laini, uvimbe ulikuwa umeishia shavuni. Mdomo ulifunguka vya kutosha. Kama ningekuta taya limebana au shingo imejaa, ningempeleka hospitali saa ile ile. Hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza kabisa: kujua jino la kuliacha.

Nikamchoma ganzi nyuma ya gego la mwisho, polepole. Nikasubiri. Nikatazama miguu yake, yenye vumbi jekundu la shambani. Vidole vilikuwa vimekaza. Nikasubiri tena hadi vikalala.

"Mdomo ukoje, mama?"

Akageuza kichwa kumtafuta binti yake, akakumbuka amejifunga macho. Maneno yakamtoka moja kwa moja kwangu, mazito, kwa upande mmoja wa mdomo:

"Kama si wangu."

Hakuwahi kuniambia kitu zaidi ya salamu bila mtu wa kati. Mke wangu aliziba mdomo kwa kiganja.

Nililegeza jino kwa chuma chembamba, nikalishika kwa koleo, nikalisukuma nje na ndani bila kulivuta kwa nguvu. Lilichukua muda. Mama alinishika mkono mara moja, nikasimama. Akauachia mwenyewe, nikaendelea. Likatoka zima na mizizi yake miwili, na usaha ukafuata. Nikamwekea kipande cha gozi, kitambaa cha kuzuia damu.

"Uma hapo, mama. Usiteme mate kwa nguvu, na leo usisukutue. Uvimbe ukiongezeka, au homa ikija, usingoje mtu. Njoo."

Alitikisa kichwa kukubali. Alipokwenda nilikaa kwenye benchi la nje, nimejaa furaha.

Siku ya nne alirudi nikague kidonda. Shavu lilikuwa limeshuka, na alikuwa ameleta jirani yake, mama mwenzake aliyekaa na jino bovu tangu kupalilia. Yule mama alibana midomo mbele yangu.

"Fumbua," mkwe wangu alimwambia. "Huyu hana haraka. Anangoja mpaka ushikwe na ganzi kweli."

Alisimama pembeni ya kiti hadi nilipomaliza, ameshika mkono wa mwenzake, bila kufunga macho.

Nyumbani hakuna kilichobadilika. Jioni ile tulikutana kwenye njia ya kisimani, akapinda kupita nyuma ya mikorosho kama kawaida, nami nikainamisha kichwa mpaka akapita.