Sala Iliyokatizwa kwa Wimbo wa Krismasi

Ipo Alhamisi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naikumbuka pamoja na harufu yake: karanga mbichi zilizochemshwa, mkeka mpya, na udongo uliotoka kunyeshewa katika mashamba yetu nje kidogo ya Mpanda. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa si muda mrefu, nina mtoto mmoja mgongoni, na furaha yangu kubwa ya wiki ilikuwa ile saa ya kusoma Biblia na akina mama wa kanisa letu la Presbiteri.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Tulisoma sura, kila mtu mstari wake, tukaulizana imetugusa wapi, halafu tukatoa hoja za maombi. Hapo ndipo nataka unisikilize. Kwetu mtu akishafumba macho akaanza kuomba, hakatizwi. Hata mchungaji angemsubiri. Basi sisi wanawake tukaona mlango uko wazi. Neno usiloweza kumwambia mwenzako kisimani, ulimwambia Mungu, mwenzako akiwa amekaa pembeni anasikia. "Bwana, mguse dada yetu mmoja, anayeazima sufuria asirudishe." Sufuria ilirudi siku hiyo hiyo. Tulicheka, na mchezo ukaendelea.

Kiongozi wetu alikuwa Bibi Sarafina, mama wa Kirundi aliyekuja nchi hii akiwa msichana. Mfupi, mcheshi, mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wa kwaya. Alitupenda kwa kutugombeza.

Alhamisi hiyo zamu ya kuomba ilimfikia Mama Yusta, jirani yangu. Dada yake alikuwa ameolewa Majimoto, ambako mume wangu alikuwa akienda kununua mpunga na kukaa wiki nzima, mara nyingine zaidi. Mama Yusta akafumba macho.

"Baba, tunamleta kwako dada yetu Mama Neema."

Mama Neema ni mimi. Nikatabasamu, nikiona napendwa.

"Mtie nguvu, Bwana, maana wewe unaiona ile nyumba ya kule Majimoto, unamwona na aliyewekwa ndani..."

Bibi Sarafina akaanza kuimba. Wimbo wa Krismasi, mwanangu, na sisi tulikuwa katikati ya palizi, Krismasi imeshapita! Tukafumbua macho, tukatazamana, tukaitikia. Ubeti ulipoisha, Mama Yusta akavuta pumzi: "Kama nilivyosema, Bwana, yule mwanamke..." Bibi akapiga makofi akaingia ubeti wa pili kwa nguvu mpaka Neema akaamka na kulia. Tukaimba beti zote. Wa mwisho tukaurudia. Kisha Bibi akasema "Amina" kwa namna ambayo hakuna aliyethubutu kuongeza neno.

"Bibi, nilikuwa sijamaliza," alisema Mama Yusta.

"Mungu ameshaelewa. Gawa karanga."

Mimi nilikuwa nimeelewa nusu.

Tulipotawanyika, Bibi alimshika Mama Yusta mkono, wakanifuata mpaka nyumbani kwangu. Akafunga mlango.

"Haya. Yale uliyokuwa unamwambia Mungu, mwambie mwenyewe. Macho wazi."

Mama Yusta alitazama vidole vya miguu yake. "Nilitaka tumwombee tu, Bibi."

"Kumwombea ungemwombea kwako. Mwambie."

Akaniambia. Mume wangu alikuwa na mke mwingine Majimoto, na mke huyo alikuwa mjamzito. Maneno yalimtoka kwa shida, na alianza kulia kabla yangu. Nilikaa chini. Bibi hakunihubiria. Alimchukua Neema, akawasha moto, akakoroga uji. Mama Yusta akakilaza kichwa changu mapajani mwake, nikalia humo mpaka nikachoka.

"Nyie, wengine wanajua?" niliuliza.

"Hawajui zaidi ya walichosikia," alisema Bibi. "Watajua siku utakayotaka wewe. Kwanza kaa na mumeo mzungumze."

Mume wangu aliporudi nilimuuliza nikiwa nimenawa uso na maneno yangu nimeyapanga. Hakukana. Baadaye alihamia kule moja kwa moja, na miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Lakini siku niliyokuwa tayari, niliwaambia akina mama mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hawakuniuliza maswali. Kesho yake walikuja na majembe, palizi yangu ikaisha kabla ya zao. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Yusta.

Wewe sasa umeanza kuketi na akina mama wenzako, mwanangu. Mwombee mwenzako kila siku, lakini shida yake usiitaje mbele za watu kabla hujakaa naye, wewe na yeye. Ukiona huwezi kumwambia ana kwa ana, basi omba peke yako chumbani, Mungu anasikia hata huko. Na ukimkuta mtu anavuliwa nguo kwa sala, usibaki umefumba macho kwa adabu. Kohoa, mwaga chai, fanya lolote.

Mungu akupe mtu wa kukuambia ukweli mlango ukiwa umefungwa, asiondoke mpaka umekunywa uji. Na siku zamu ikikufikia wewe kuwa mtu huyo, akutie moyo wa kubaki.