Mtani wa Fundi Pazi

Mjomba wangu Shimba alikuwa na mdomo mchafu, na nalisema hilo nikiwa nampenda. Kazi yake ilikuwa kuchota mchanga ufukweni mwa ziwa, Igogo, na kuupeleka mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe, na njia nzima hakuna aliyekutana naye akakosa lake. Lakini maneno yake makali kuliko yote alimwekea mtu mmoja: Pazi, fundi wa Kizaramo aliyekuja na reli, akaoa kwetu na kutulia. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani. Mtani akikuambia kesho unakufa, unacheka, na ukikasirika aibu ni yako.

Pazi alikuwa fundi wa Amirali, mwenye duka la vitambaa. Nyumba ya Amirali ilianza kama duka la chini tu, kuta za mawe zilizoshikwa kwa udongo wa kichuguu, na kwa duka la chini udongo wa kichuguu hauna ubaya. Kisha mwanawe mkubwa akaoa. Amirali hakutaka hata kusikia kwamba mtoto wake akapange kwa watu. Akaita fundi, ghorofa moja ikapanda. Akaoa mdogo, Liaqat, ikapanda ya pili. Shimba akipita na ng'ombe wake alikuwa akipaza sauti, "Mzee Amirali, Mungu anauliza mnafika lini!" Mzee mwenyewe alicheka. Alitaka watoto wake wote wale chungu kimoja, na kwa hilo mimi siwezi kumlaumu. Ningekuwa na uwezo wake, ningetaka hivyo hivyo.

Pazi aliulizwa kama kuta za chini zitabeba. Alijibu zitabeba, Mungu akipenda. Labda aliamini. Labda pia hakuona namna ya kumwambia hapana baba mwenye furaha ya harusi. Hilo sasa nani atalijua.

Masika ya mwaka ule, karibu na vita vya Hitla, yalikuwa mabaya. Maji ya bati yalimwagika nyuma ya nyumba na kutuama pale pale. Asubuhi moja Shimba alipeleka mchanga wa kupiga lipu, akapita uani, akagusa ukuta wa nyuma. Udongo katikati ya mawe ulitoka na kidole chake, laini kama uji. Mlango wa stoo, ambao siku zote ulifungwa kwa kusukumwa tu, ulikuwa umekwama katika fremu yake. Alimkuta Pazi amekaa na mafundi wake, anakunywa chai.

"Pazi, ukuta ule umelowa. Watoe watu ndani."

"Watoe ng'ombe wako kwanza, wanakunya mlangoni kwa watu."

"Nasema kweli."

"Msukuma na kweli, wapi na wapi?"

Pazi na mafundi wake walicheka mpaka chai ikawapalia. Miaka yote mjomba alikuwa amemwambia mtu huyu kwamba nyumba anazojenga ni makaburi. Leo alikuwa na neno la kweli, nalo lilikuwa lile lile. Aliona haya. Akafanya alichozoea.

"Haya. Ukifukiwa, hiyo kofia yako nyeupe naichukua mimi."

"Chukua na chawa wake."

Akageuza mkokoteni, akarudi ziwani.

Nyumba ilianguka mchana huo huo, mafundi wakiwa wamekwenda kula. Shimba alisikia kishindo akiwa na koleo mkononi, akaacha ng'ombe ufukweni na kukimbia. Alichimba kwa mikono pamoja na Liaqat, wakavuta mawe. Watu wengi wa nyumba ile walikutwa wamesimama barabarani, wazima, wameganda kwa hofu. Lakini Shamsha, mke wa Liaqat, alitolewa amekufa na mtoto wake mchanga kifuani. Na nyuma kabisa, chini ya ukuta ule uliolowa, walimkuta Pazi. Watu walishangaa alifuata nini wakati wa kula. Ikasemwa alisahau timazi yake ya kupimia ukuta.

Kwenye mazishi ya mtu, mtani ana kazi. Yeye ndiye huingia kaburini kwanza, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Humtukana marehemu, na waliofiwa wanacheka katikati ya kilio, wanapata pumzi. Siku ya kumzika Pazi, waombolezaji walifungua njia na kumtazama Shimba. Alitazama chini. Maiti ikashushwa kimya, na Ng'washi, mjane wa Pazi, akalia kilio kisichokatwa na mtu.

Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, alikuja kuuliza kwa nini nyumba imeanguka. Akaweka meza uwanjani, na mkalimani pembeni yake. Mmoja alisema mvua. Mwingine alisema ni mchanga wa ziwani, na hapo mjomba akatazamwa. Amirali, amevaa nguo nyeupe za msiba, alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nauliza fundi. Yeye nasema tabeba." Hakusema kwa hila. Alikuwa amezika mjukuu.

Akaitwa Shimba.

"Uliona ukuta ni mbovu?"

"Niliuona, Bwana."

"Ulimwambia fundi?"

"Nilimwambia."

"Akafanya nini?"

Mjomba alijaribu kueleza. Alisema yeye ni mtani, na neno la mtani halishikwi. Kwamba kosa ni lake, alianza kwa kweli akamalizia kwa mzaha. Mkalimani alikuwa mtu wa mbali, utani wetu hakuujua. Alisikiliza maelezo yote yale, akayafupisha: "Alicheka, Bwana." Wala hakusema uongo. Ikaandikwa kwamba fundi alionywa akapuuza, na nyumba ikaanguka kwa uzembe wake. Kila mtu akaenda zake. Ghorofa mbili juu ya udongo wa kichuguu, na aliyebebeshwa ni yule asiyeweza kujibu!

Tangu siku hiyo Ng'washi hakumsalimia mjomba. Naye Shimba akaacha maneno. Alipita njiani na mkokoteni kama mtu anayesindikiza jeneza, na watu waliozoea kutukanwa wakaingiwa na huzuni. Mama, dada yake, alimwambia ale, hakula. Usiku mjomba alikuwa akimuuliza Mama swali moja tu: kama angekaza uso, kama asingeitaja ile kofia, Pazi angesikia?

Baada ya arobaini Ng'washi alikuja nyumbani kwetu. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya Shimba.

"Ulimwambia Mzungu kwamba mume wangu hakusikia."

"Dada, nili..."

"Alisikia! Alikuja kula, akamega tonge moja akaliweka chini. Akasema, 'Shimba leo hakutania. Mpaka nilipomjibu ndipo akatania, tena kwa shida.' Akaniambia anakwenda kuutazama ukuta na kuwatoa watu. Waliotoka walitolewa na nani? Aliwaita yeye, nao kwa hofu wakasikia sauti tu, wasijue ni ya nani! Alirudi nyuma kumwita Shamsha, aliyekuwa analaza mtoto. Mimi hakuna aliyeniuliza. Wewe pia hukuniuliza."

Alitoa kitu ndani ya kanga yake, akakiweka mapajani mwa mjomba. Ilikuwa kofia nyeupe, imefuliwa.

"Aliivua isichafuke. Alisema niitunze, ina mwenyewe."

Shimba alilia mbele ya wanawake, jambo ambalo kwetu mwanamume hafanyi. Kisha akaivaa kofia, ndogo kwake, akatoka kwenda makaburini. Mama alimfuata kwa mbali, akiogopa atajidhuru. Akamwona analala chali ardhini kando ya kaburi.

"Mzaramo mvivu we," alisema. "Jua lote hili umelala. Amka, mchanga nimeleta."

Halafu akanyamaza, zamu ikiwa ya Pazi kujibu. Mama alisimama pale mpaka miguu ikamuuma, na mjomba alikuwa bado anangoja.