Mhandisi Aliyepelekwa Masjala

Hebu msomaji, ione ofisi ya meneja wa kiwanda kimoja cha nguo hapa Morogoro, siku zile kila mtu akimsubiri mwekezaji. Nilikwenda kuomba mabaki ya vitambaa kwa somo la sayansikimu. Mbele ya meza alisimama binti mhandisi, ametoka kusoma Ulaya mwezi mmoja tu kabla, mikono imejaa grisi.

"Nani alikutuma uifungue mashine?" meneja alimuuliza.

"Ilisimama siku tatu, mzee. Sasa inafanya kazi."

"Sikuulizi hilo. Hapa mashine inafunguliwa fundi mkuu akiwepo."

"Alikwenda kunywa chai."

Fundi mkuu, aliyekaa pembeni, akacheka. "Msamehe mzungu wetu, mzee. Huko alikotoka hawajui mkubwa."

Meneja akamsukumia binti barua. Kuanzia kesho angekaa masjala, apange mafaili. Aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu asiichafue, akasema, "Asante, mzee."

Mimi, mwalimu wa miaka mingi, nilitazama sakafu. Nilikuwa bado sijapewa vitambaa.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: binti yule alirudi kutoka Ulaya kwa hiari yake.